Lenzi ya Mfukoni na Picha ya Shosho

Mmenisumbua kwenye grupu yetu ya wapiga picha tangu nirudi. Mmoja anauliza lenzi ilikuwaje, mwingine anauliza kama Baba alionana na ndugu yake, na kuna yule ambaye hajali Baba wala ndugu, anataka tu kujua kama ninaiuza. Nitawajibu wote mara moja, kisha mniache nipumzike. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo msinitafutie adabu hapa.

Kwa wasionijua, mimi napiga picha hapa Bondeni. Pasipoti, harusi, mahafali, mazishi, chochote chenye watu. Miaka yote nilibeba lenzi ya kuvuta, ile kubwa, nzito kama mtungi mdogo wa gesi, hadi bega la kulia likagoma. Ndipo nikayasikiliza maneno yenu. Kamera za siku hizi hazina kioo ndani, mlisema, ni nyepesi, ya nini kuzifunga lenzi nzito? Chukua prime, lenzi isiyovuta. Chukua ya milimita hamsini. Bei ya mtu wa kawaida, inaingia mfukoni, tundu lake la mwanga linafunguka mpaka moja nukta nane, itaona hata ndani ya gunia. Nikaachana na ile kubwa, nikachukua hii. Namna nilivyoinunua si habari. Habari ni nilikoipeleka.

Niliipeleka Mau Narok kumpiga picha Shosho, mama yake Baba, akiwa na wanawe wawili. Shosho anaishi kwa mwanawe mkubwa, Anko Kimani. Baba ndiye mdogo, na makao yake ni Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, alikofanya kazi kwenye mashamba ya maua hadi magoti yakamshinda. Sasa anatengeneza baiskeli. Babu alipofariki, Anko Kimani alilichukua shamba lote, na vitu vya Baba vikatolewa nje vikawekwa barabarani mvua ikinyesha. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka godoro.

Tangu siku hiyo Baba hajaketi ndani ya nyumba ile wala kunywa chai yake. Kwetu hilo si jambo dogo. Mtu aliyefukuzwa akirudi, akaketi, akapokea kikombe, basi amesema yamekwisha, na hakuna atakayemsikiliza tena akilia kwamba alidhulumiwa. Baba hana hati yoyote ya shamba. Kesi yake yote ni kule kutoketi.

Shosho alikuwa ameniomba kitu kimoja kwa simu. Picha moja, yeye na wanawe wote wawili, aitundike karibu na kitanda kabla macho yake hayajafunga kabisa, maana jicho moja lilikwisha ingia ukungu. Anko Kimani alikubali, tena haraka kuliko nilivyotarajia. Baba alikubali kwa shingo upande. "Nitaenda kwa sababu ya mama yangu," akasema. "Mara moja. Usiniambie turudi." Kwa hiyo nafasi ilikuwa moja, na mimi ndiye niliyeibeba mfukoni.

Bondeni hadi Kamere

Safari iliharibika kabla sijatoka mtaani. Jirani yangu anayeuza mitumba aliniona natoka na kibegi cha kwapani akauliza, "Leo huendi job?"

"Naenda."

"Na mashine?"

Nikamwonyesha. Alicheka mpaka akaweka chini suruali aliyokuwa akiikunja. "Hiyo ni ya kupiga nini? Mchwa?"

Mnajua hali ilivyo. Hapa kwetu mpiga picha hupimwa kwa urefu wa lenzi. Ukitoa ndefu, watu wanapanga mstari na kuvuta mashati yao vizuri. Ukitoa fupi wanakuuliza mwenye kazi atafika saa ngapi. Hilo hamkuniambia mliponisifia wepesi wake, na ni hasara ya kweli, maana nusu ya kazi yetu ni watu kukuamini.

Nilifika Kamere nikiwa na njaa, na Baba hakuwa kwake. Jirani yake akaniambia Mzee amekwenda kunyolewa. Nikateremka kule wanakokaanga samaki. Kulikuwa na mama mmoja mwenye sufuria kubwa ya mafuta, mwanga wa saa hiyo unampiga kwa ubavu, moshi nyuma yake, ziwa nyuma ya moshi. Ningekuwa na ile kubwa ningesimama barabarani nikamvuta na kuondoka bila yeye kujua. Lenzi isiyovuta haina huruma hiyo. Ukitaka uso wa mtu, nenda mpaka kwenye uso wake. Nikaenda.

"Wewe!" akaniambia, mwiko juu. "Hiyo samaki yangu iko na makosa gani?"

"Haina makosa, mathe. Napiga picha tu."

"Umetumwa na wale wa kupima samaki?"

Kumbe alidhani mimi ni mmoja wa wanaokagua kama samaki wanaovuliwa ni wadogo mno. Nikajieleza, akakataa. Nikamtajia jina la Baba, akasema Kamere kila mtu ni mtoto wa mtu. Mwishowe akanionyesha benchi. "Kaa hapo ukule. Mtu wa ofisi hakulangi hapa."

Nikala tilapia na ugali na sukuma, huku akinitazama kila tonge kama anayefanya upelelezi. Nilipolamba vidole akaridhika, akafunga leso yake vizuri na kusema, "Haya, piga."

Picha ile, jamani, sitaisema vibaya. Uso wake ulitoka wazi, hata matone ya jasho juu ya mdomo, na kila kilichokuwa nyuma kikayeyuka polepole kama siagi. Nikamwonyesha kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Akaikaribia, akaikodolea macho.

"Na hawa wenzangu?" Nyuma yake kulikuwa na wanawake wawili wakiosha samaki. "Umewafuta?"

"Sijawafuta, mathe. Ni vile lenzi inafanya. Ndio urembo wake."

"Basi inafanya vibaya," akasema, akarudi kwenye mafuta yake.

Nilicheka. Nilidhani hajui picha.

Baba alirudi kichwa kiking'aa, amenunua hata rangi ya viatu. Alikuwa ametoa koti lake la kanisani na kulitundika msumarini. Nilimpiga picha mlangoni pa chumba chake, ameshika gurudumu la baiskeli, na hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kumpiga mtu wa nyumba yetu. Peke yake. Kwa mtu mmoja aliyetulia, lenzi hiyo hailinganishwi na kitu, na mnaoipenda mnajua nasema kweli.

Kamere hadi Kikopey

Asubuhi tulichukuliwa na Kiprono, rafiki wa Baba mwenye gari la Probox, aliyekuwa anapanda Mau Narok na magunia matupu kwenda kuchukua viazi. Baba alikaa mbele, koti limekunjwa magotini ili lisikunjamane. Mazungumzo yalikuwa ya Kiprono. Kiprono husema kwa niaba ya abiria wote.

Tulipokaribia Kikopey magari yalisimama. Trela lilikuwa limelala kukata barabara, kabichi zimetapakaa hadi mtaroni, na watu walikuwa wakiziokota kwa utulivu kama wanaovuna shamba lao. Tukazima gari. Jua likapanda. Kiprono akaniambia, "Sasa hapa tunakaa. Nipigie gari yangu picha poa, nataka niuze."

Hapo ndipo nilipoanza kupata adabu. Probox si gari kubwa, lakini kwa lenzi ile haikuingia. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, likaingia boneti na mlango mmoja. Nikarudi tena, nikachomwa na miiba ya uzio. Nikavuka barabara yenyewe, nikasimama katikati ya magari, mtu wa lori akanipigia honi mpaka kifua kikatetemeka.

"Rudi tu nyuma, madam!" Kiprono akapiga kelele. "Bado bampa!"

"Nikirudi zaidi nitafika Gilgil!"

Hamsini kwenye kamera yenye kihisi kidogo kama yangu, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, inaona mahali padogo kuliko jina lake. Wauzaji huandika namba moja, jicho linaona nyingine. Kule nje hilo ni jambo la kuchekesha, una nafasi yote ya Mungu ya kurudi nyuma, wewe tu na miguu yako. Sikufikiria chumba.

Baba hakucheka. Alikuwa amekwenda kwenye kibanda cha nyama akaagiza ya kuchoma, na ugali mkubwa, na kachumbari. Yeye si mlaji. Nilikaa naye nikamwona akila kama mtu anayejaza tangi.

"Kula, Nyambura," akaniambia. "Huko mimi sitaonja kitu. Hata maji."

"Shosho atahisi vibaya."

"Shosho anajua." Akatafuna. Kisha akanyoosha kidole chenye mafuta akakielekeza kwenye kibegi changu. "Hiyo kamera itatutosha sote? Mimi, yeye na Mama?"

"Itatosha, Baba."

"Mbona ni kadogo hivyo?"

"Siku hizi ndogo ndiyo nzuri."

Nilimwambia hivyo. Yalikuwa maneno yenu, lakini mdomo ulikuwa wangu.

Njoro, kisha juu

Trela lilipotolewa alasiri ilikwisha ingia. Tulipita Nakuru bila kusimama, tukanunua mahindi ya kuchemsha Njoro, na tulipoanza kupanda, ukungu ukatushukia. Kisha mvua. Si mvua ya kelele, ile nyembamba ya Mau Narok inayoingia kwenye mifupa na kukaa humo. Baba alivaa koti lake la kanisani juu ya sweta, akafunga vifungo vyote.

Tulipoiacha lami, Probox ilizama kwenye tope. Tukashuka tukasukuma. Nilitaka sana kumpiga Kiprono picha akiwa ameinama, matope hadi masikioni, lakini sikuthubutu kuitoa kamera. Ile lenzi yangu ya zamani ilikuwa na mpira shingoni wa kuzuia maji, hata ningeifutia kwenye leso na kuendelea. Hii haina. Wameutoa mpira ili iwe ndogo na iwe rahisi. Kwa hiyo niliifunga ndani ya karatasi ya mkate nikaikumbatia kifuani kama yai, nikasukuma kwa bega lile lile nililotaka kulinusuru.

Picha ya nje, ambayo ndiyo niliyokuwa nimeipanga kichwani, Shosho kwenye kiti uani na wanawe pande zote mbili, anga lote la Mungu likitoa mwanga, ilikufa pale kwenye tope. Shosho ana kifua. Hakuna ambaye angemtoa kwenye baridi ile.

"Tutapiga ndani," nikamwambia Baba.

Akafuta viatu vyake kwa majani. "Popote," akasema.

Sebuleni kwa Anko Kimani

Anko Kimani alitupokea mlangoni akiwa na tabasamu pana, amevaa suti. Suti, mvua ikinyesha, siku ya kazi. Alinipa mkono mimi kwanza. Kisha akamtazama ndugu yake na kusema, "Karibu nyumbani," kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, na kweli jirani wawili walikuwa ndani, wameketi ukutani na vikombe vyao. Hakuna aliyeniambia kutakuwa na wageni.

Nilipoingia nikaelewa. Viti vitatu vilikuwa vimepangwa mbele ya kabati, cha katikati kina Shosho amefunikwa shuka, na kando ya kila kimoja stuli. Juu ya stuli ya kushoto, kando ya kiti kilichotengwa kwa Baba, thamosi na kikombe kilichokwisha miminiwa chai, mvuke ukipanda. Mbele ya mashahidi. Anko Kimani hakutaka picha ya mama yake. Alitaka picha ya ndugu yake ameketi.

Shosho alinyoosha mikono. Baba alimwendea, akainama, akamshika uso. Mikono ya Shosho hutetemeka siku hizi, na kichwa pia, kidogo kidogo, bila kukoma. Walisemezana jambo ambalo sikulisikia wala sikutaka kulisikia. Kisha Baba akasimama wima na kubaki hivyo.

"Keti, Karanja," Anko Kimani akamwambia Baba. "Chai inapoa."

"Niko sawa."

"Umetoka mbali."

"Nimekula njiani."

Mimi nilitoa kamera. Humo sebuleni jiko la makaa lilikuwa linawaka kwa ajili ya kifua cha Shosho, na lenzi iliyotoka kwenye baridi ilipokutana na joto lile ikazibwa na ukungu papo hapo, nyeupe kama jicho la Shosho. Nikaifuta, ikazibwa tena. Hakuna cha kufanya hapo ila kungoja ipate joto. Tukangoja. Anko Kimani alikitumia kila kitambo cha kungoja kule.

"Hata kikombe kimoja, kwa heshima ya Mama."

"Mama ananijua," Baba akasema.

"Wazee hawa wamekuja kukuona ukikunywa chai."

"Basi wameniona. Habari zenu, wazee."

Lenzi ikasafika. Nikaomba taa iwashwe, na mke wa Anko akasema stima imepotea tangu asubuhi. Nikaomba mlango ufunguliwe, wakasema kifua cha Mama. Kulikuwa na dirisha moja dogo upande wa Shosho na mvua yote ya Mau Narok nje yake. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, mguu mmoja juu ya miguu ya jirani, ndipo watatu hao wakaingia kwenye picha, kwa taabu, mabega yakikatwa pembeni.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo lenzi yenu inapoingia. Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Shosho, hatua nzima nyuma. Hakutaka hata goti lake liguse kile kiti kitupu. Anko Kimani, yeye, alikuwa ameketi na kujisogeza mbele, sambamba na mama yake. Nikaifungua lenzi mpaka mwisho kama mlivyonifundisha. Mwanga ukaja, kweli, hamkudanganya. Lakini lenzi iliyofunguliwa hivyo inaona wazi mahali pembamba tu, kama upana wa kitabu. Ikamshika Shosho na Anko Kimani wazi. Baba akawa moshi.

Nikalibana tundu lake ili imfikie. Akaja, akawa wazi. Lakini ukiibana mwanga unapungua, kamera inafunga polepole, na kichwa cha Shosho hakingoji. Akatoka amefutika, uso umekuwa nyuso tatu zilizopandana. Nikajaribu katikati, wote wawili wakawa nusu nusu. Nikaongeza nguvu ya mwanga ndani ya kamera, picha ikaota chembe kama uji wa wimbi. Taa ya kumulika sikuwa nayo. Niliiacha Bondeni, kwa sababu wepesi ukishauonja unaanza kuacha vitu.

"Baba," nikasema, "sogea mbele kidogo."

Alitazama kile kiti. Ili asogee mbele ilibidi aketi, maana viti vilijaza upana wote wa chumba, Anko Kimani alikuwa amevipanga hivyo. "Hapa panatosha," akasema.

"Mtoto anajua kazi yake," Anko Kimani akadakia, sauti tamu. "Mwambie baba yako akae, Nyambura. Si ni ya picha tu? Mwambie."

Chumba kizima kikanigeukia. Jirani mmoja akaacha kunywa. Na mimi nilijua, kwa hesabu za kazi yangu, kwamba dawa ilikuwa hiyo hiyo moja. Akiketi, nyuso tatu zinakuwa kwenye mstari mmoja, lenzi inabaki wazi, Shosho anaganda, na picha inapatikana. Sekunde moja tu. Mama na wanawe wote wawili, wazi kama mchana.

Nilimtazama Baba, koti lake la kanisani likitoa mvuke. Alikuwa ananingoja mimi.

"Picha iko sawa, Anko," nikasema. "Simama hapo hapo, Baba."

Nikapiga ya wazi, nikapiga ya kubana, nikapiga tena zote mbili, nikiomba Mungu kichwa cha Shosho kitulie mara moja tu. Kisha Baba akainama akambusu mama yake kwenye paji la uso, akawaaga wale wazee kwa mkono, akatoka kwenda kusimama mvuani kando ya Probox. Chai ilikuwa bado kwenye kikombe. Anko Kimani aliichukua akaimwaga nje ya dirisha, na hakuwa na tabasamu tena.

Shosho aliniita. Nikampigia magoti nikamshikia kamera karibu na lile jicho lake zima.

"Wako wote?" akaniuliza.

"Wako wote, Shosho."

Kurudi

Sina mengi ya kusema juu ya kurudi. Kiprono alipakia viazi, gari likawa zito, tukashuka Mau polepole kwenye ukungu. Baba alikuwa na furaha, na hilo ndilo linaloniuma. Alipiga hadithi njia nzima. Alimweleza Kiprono jinsi Kimani alivyopanga viti, jinsi wale wazee walivyobaki midomo wazi, jinsi alivyosimama. "Na picha ipo!" akasema, akinigeukia. "Sasa asiseme sikwenda kumwona Mama. Wala asiseme nilikaa."

Nilizifungua kwenye kompyuta Bondeni. Nilitumaini kile kioo kidogo cha kamera kilikuwa kimenionyesha vibaya. Hakikuwa kimenionyesha vibaya.

Baadhi yenu mliziona mkaniandikia haraka haraka: unganisha, mchukue Baba kwenye hii, Shosho kwenye ile, nani atajua? Asanteni. Niliunganisha. Ni kazi safi, hakuna atakayeona mshono.

Shosho nilimtumia hiyo ya kuunganishwa. Ameitundika, naambiwa, na kila anayeingia anaonyeshwa. Anko Kimani naye alipiga simu. Alikuwa ameziomba zote, nami nilimtumia zote kwa simu nikitaka yaishe. Hakuitaka ya kuunganishwa. Aliitaka ile ya kwanza, ya lenzi iliyofunguliwa, kubwa, ya kuweka sebuleni juu ya kabati. "Mimi na Mama tumetoka smart sana," akaniambia. "Huyo wa nyuma haonekani vizuri, lakini si neno." Sijamjibu mpaka leo.

Kwa Baba nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta nje, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu. Alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha kwenye shati, akaingia ndani, na nikamwekea picha kitandani, zote tatu.

Aliishika kwanza ile ya kuunganishwa. Aliitazama, akaipenda, nikamwona akiipenda. Kisha akaziona zile mbili zilizokuwa chini yake. Akazichukua, akaenda nazo mlangoni kwenye mwanga. Katika moja mama yake yuko wazi kabisa, na nyuma yake kuna koti lisilo na mtu. Katika nyingine yeye yuko wazi, hata vifungo, na mbele yake kuna shuka na uso uliofutika. Baba ni fundi. Anajua kitu kilichoungwa. Alirudi akailinganisha ile ya tatu na hizo mbili, vifungo kwa vifungo, shuka kwa shuka.

"Hii si ya siku ile," akasema.

"Ni ya siku ile, Baba. Ni vile tu..."

Hakuwa ananisikiliza. Alizipanga zile mbili sambamba juu ya blanketi, akazisogeza mpaka kingo zikagusana.

"Kumbe hatukuwa pamoja," akasema.

Akazikusanya zote tatu, akazirudisha kwenye bahasha, akanipa mkononi, akatoka kwenda kumalizia baiskeli ya watu.